Walidhani Nimeificha Lozi

“Anayo! Mwoneni Silje alivyonyamaza!”

Meza nzima ikacheka. Saa nane mchana, chakula cha Krismasi kwa wazazi wa Asger, mchumba wangu, hapa Odense, Denmark. Tulikuwa kwenye wali wa maziwa wenye lozi zilizokatwakatwa, na moja nzima imefichwa ndani. Ukiipata unaibana shavuni, kimya, wenzako waendelee kutafuta hadi washibe. Halafu unapewa zawadi.

Mimi sikuwa na lozi shavuni. Lozi inaniua: nina mzio nayo, na sindano za dawa yake hukaa mkobani mwangu. Birthe, mama yake Asger, alinitengea bakuli langu, akaapa halina hata chembe. Vijiko viwili tu, ulimi ukawasha, koo likabana. Sauti ikagoma kutoka.

“Fungua mdomo, mwizi wewe!” Birthe akanitania.

Nikashika simu, nikamwandikia Asger aliyekaa mbele yangu: “Sindano. Mkoba wangu. Sasa hivi.”

Akasoma. Akacheka. Akajibu: “Ujanja huo naujua 😂 Itoe hiyo lozi.”

Nikainuka, kiti kikaanguka. Nikafika ukumbini, nikaumwaga mkoba wote sakafuni. Funguo, kitana, leso. Sindano zangu mbili hazipo.

Aliyenifuata ni Preben, baba yake Asger. Akaiona midomo yangu ilivyovimba.

“Asger! Sindano zake ziko wapi?”

“Ziko garini, baba. Mama alisema zinaharibu sherehe, mkoba kama wa daktari…”

“Piga simu 112, mjinga wewe!”

Mzee akatoka mbio na soksi kwenye mvua, akarudi nazo. Nikajichoma mwenyewe pajani, juu ya nguo, nikaishikilia pale. Nikaegemea ukuta, miguu nimeinyoosha, nahesabu pumzi mpaka gari la wagonjwa likafika.

Asubuhi yake hospitalini walikuja wote watatu.

“Birthe, kwenye bakuli langu uliweka nini?”

“Nilichoweka kwa wote,” akasema, hata hakupepesa jicho. “Asger ndiye aliyeniambia nisihangaike, unajidekeza tu.”

Nikamgeukia Asger.

“Ulisema hivyo?”

“Silje, nilidhani… kidogo hakiwezi kudhuru.”

“Miaka mitatu unalala kitandani kwangu. Miaka mitatu nakuelekeza namna ya kunichoma, unaitikia ‘ndiyo mpenzi’ huku macho yako kwenye mpira!”

“Nisamehe. Naijua sindano, nakuapia.”

Muuguzi alikuwa ameacha mezani ile ya mazoezi, isiyo na dawa. Nikamrushia.

“Haya, nichome.”

Akaigeuza, akaigeuza tena. Akaweka kidole gumba kwenye ncha ya rangi ya chungwa, kule kunakotokea sindano. Kifuniko cha buluu akanikandamiza nacho pajani.

“Umejichoma kidole chako,” nikamwambia. “Na mimi nimekufa.”

“Jamani, mnaachana kwa kijiko cha wali?” Birthe akadakia.

“Nyamaza, Birthe! Wewe ulitaka kujua kama nadanganya. Sasa umejua!”

Nikavua pete, nikaiweka kwenye kiganja cha Asger, nikamfumba vidole. Alikuwa analia. Sikumfuta machozi.

Preben akachukua koti langu mlangoni.

“Nikupeleke wapi, Silje?”

“Kwa mama yangu.”

“Baba, na sisi je?” Asger akauliza.

Mzee hakugeuka.

“Kituo cha basi kiko hapo nje.”