Maua ya Kaburi la Mama Owori

Malori yalikuwa yamejipanga Busia kutoka lango la forodha hadi pale macho yanapochoka. Resty, fundi wa kushona gomesi, yale magauni marefu ya Kiganda, alikuwa akirudi upande wa Uganda na robota la vitambaa kichwani, mwenyewe amevaa gomesi ya manjano iliyosimama mabega kama masikio ya sungura. Ghafla akagongana na Owori, wakala wa kupitisha mizigo. Kijana huyo alivaa shati la zambarau na viatu vya ncha ndefu, virefu hata vilifika Kenya yeye angali Uganda.

"Dada, upepo ukiyashika hayo mabega utatua Tororo bila nauli," Owori akasema.

"Na wewe jifunge kamba kwenye lori. Viatu vyako vinataka kukuacha."

Akambebea robota mpaka kibanda chake cha ushonaji. Kesho yake akarudi kupimwa shati, ingawa Resty hakuwahi kushona shati maishani. Baada ya muda simu zao zikawa ndefu kuliko ile foleni, na Resty akawa "asali wangu" asubuhi na "roho yangu" jioni.

Resty alikuwa mlokole. Alimwambia mapema kwamba hataolewa katika nyumba inayopika pombe, maana pombe ndiyo iliyommaliza babake. Owori alipoulizwa habari za kwao Mulanda, akajifuta macho na kusema mamake, Florence, alishafariki kwa homa. Aliporudia kisa hicho mbele ya akina mama wa kanisa, akaongeza mvua kubwa, daraja lililosombwa na gari la wagonjwa lililokwama. Mama mmoja alilia hadi akabebwa nje. Kanisa zima likaomba kwa ajili ya yatima.

Arusi ilipokaribia, Resty akaamua kimya kimya kwenda kumwekea mkwewe maua kaburini. Jumamosi asubuhi akapanda gari hadi Tororo, kisha bodaboda, shada mapajani. Pale senta ya Mulanda akauliza lilipo kaburi la mama Owori. Watu wakatazamana, wakamwonyesha nyumba ya mabati. Wazee walikuwa wameuzunguka mtungi wa malwa, ile pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mwanamke mpana akatoka, akifuta mikono kwenye kitenge.

"Natafuta kaburi la mama Owori, mama. Yule Owori wa Busia, wa forodhani."

Mwanamke akalipokea shada kwa mikono miwili, akasoma utepe: Lala Salama Mama Mkwe.

"Florence ni mimi," akasema. "Nilikufa na nini?"

Mirija ikawatoka wazee midomoni. Resty akaketi chini na gomesi yake yote.

"Homa, mama," akajibu kwa sauti ndogo. "Na daraja."

Florence hakucheka. Akakaa karibu naye, akataka kuambiwa yote, na Resty akaeleza, harufu ya wimbi ikimjaa puani. Alipofika kwenye lile neno lake kuhusu nyumba ya pombe, akajikwaa. Florence akautazama mtungi. "Basi hii ndiyo ilinizika. Na ndiyo ilimsomesha."

Resty akatoa simu, akampigia Owori na kufungua spika bila kumwambia.

"Mpenzi, mamako alikuwa mtu wa namna gani?"

"Malaika, asali wangu. Akikata roho alinishika mkono, akasema, mwanangu, nitafutie mkwe anayempenda Mungu."

Florence akaiinamia simu. "Owori. Hiyo maneno nilisema lini?"

Zikasikika honi za malori ya Busia, kisha simu ikakatika.

Resty akasimama, akasema arusi hakuna tena. Florence hakumbembeleza. "Mimi sikuombi umuchukue. Lakini kule kanisani kwenu watu bado wananililia. Nani atawaambia mimi iko hai?"

Mchana huo Owori alimngojea kibandani, lakini Resty hakumpa hata kiti. Akamwambia kwamba kesho litasomwa tangazo la tatu na la mwisho la ndoa yao, na ukweli utasemwa na yeye au na Resty, achague. Arusi asiiulizie.

Jumapili Mchungaji Oundo akafungua karatasi. Akasoma: Owori, mwana wa marehemu Florence wa Mulanda, na Resty wa Busia. Mwenye kipingamizi asimame.

Akasimama bwana arusi.

"Si marehemu," Owori akasema. "Nilimuua mimi, kwa mdomo, kwa sababu anapika malwa nikaona aibu. Niliwaliza bure. Nilimdanganya Resty, na Mungu nikamdanganya humu ndani."

Akaenda mlangoni, akarudi amemshika Florence mkono; usiku alikuwa amekwenda Mulanda kumchukua. Kanisa likashika vichwa. Yule mama aliyebebwa siku ile akabebwa tena.

"Marehemu hukaa benchi gani?" Florence akauliza.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Resty akasimama, akakiri kwamba naye alimtega mtu kwa simu, mamake akisikiliza, na hiyo haikuwa njia ya nuru. Mchungaji akabaki na karatasi mkononi, akamuuliza aifanye nini.

"Ichane, Mchungaji. Huyo aliyeandikwa hapo simjui."

Owori akainamisha kichwa.

"Kisha uandike nyingine," Resty akaendelea, machozi yakimlengalenga. "Huyu aliyesimama na mamake, ndiyo kwanza namwona leo. Jumapili ijayo anza na tangazo la kwanza."