Ng'ombe Aliyezima Mchezo

Kila asubuhi Chapuchapu huoga, huvaa na kumaliza chai kabla kaka yake hajaipata soksi ya pili. Ndiyo maana nyumbani walimbandika jina hilo. Lakini Jumamosi ile chai ilimpolea mkononi.

Shangazi yake, mwandishi wa programu za kompyuta, alikuwa ameandaa kongamano la kanda la watumiaji wa lugha moja ya programu. Jumuiya kuu ya lugha hiyo iliwaazima kompyuta, ikamtuma pia mgeni aje aone kama kongamano linafaa kusaidiwa tena mwakani. Kipindi cha watoto kingefunguliwa kwa mchezo wa kutambua wanyama, alioutunga Chapuchapu mwenyewe.

"Umeujaribu wote?" shangazi alimuuliza jana yake.

"Wote, shangazi!"

Uongo mtupu. Aliujaribu kwa paka, mbwa na kuku tu. Kisha akaongeza wanyama wengine mbio mbio, akafunga kompyuta, akaenda kuruka kamba.

Sasa, ukumbini, mchezo ulikataa kuwaka. Maandishi mekundu yalijaa kwenye kioo. Alijaribu tena, yakaja yale yale. Aseme umeme umekatika? Taa zilikuwa zinawaka. Amsingizie kaka yake? Maskini, alikuwa pale pale akibeba viti.

Mgeni akaingia, akaketi mstari wa mbele. Shangazi alimchekea, lakini mikono yake ilikuwa ikikunja na kukunjua karatasi ya ratiba. Chapuchapu akaona kwamba hata shangazi anaogopa, na hilo likamuuma zaidi.

"Shangazi," alinong'ona, "nilikudanganya. Sikuujaribu wote. Umekataa kuwaka."

Shangazi alifumba macho. "Jamani! Leo ndiyo unaniambia?" Akashusha pumzi. "Haya, afadhali umesema. Hayo mekundu yanalalamikia mstari gani?"

"Wa... ng'ombe."

"Maneno yako umeyafungia kwa alama gani?"

"Ritifaa, kile kialama cha juu, mwanzo na mwisho." Chapuchapu akaduwaa. "Kumbe! Ng'ombe ana ritifaa ndani! Kompyuta imedhani neno limeishia pale!"

Akabadilisha alama za nje. Mchezo ukawaka. Safari hii alimjaribu kila mnyama, hadi kobe, ukumbi mzima ukimsubiri.

"Watoto waanze na hilo kosa," mgeni aliomba alipoelezwa. Basi Chapuchapu akasimama mbele, akalieleza.

Msichana mmoja wa nyuma akaruka. "Kumbe ndiyo maana jina langu hukataliwa na kompyuta! Linaanza na Ng'!"

Mgeni alicheka sana. "Mwakani tutakuja tena," akamwambia shangazi.

Jioni, wakifunga ukumbi, shangazi alimshika bega. "Mwanangu, kosa la ng'ombe tumelirekebisha mara moja. Lile neno 'wote' ndilo lingetuaibisha. Kazi ambayo hujaikagua, usiseme umeikagua. Haya, madirisha umeyafunga yote?"

"Yote, shang—" Chapuchapu akasita. "Ngoja nikaangalie."