Dumu Lililokatwa Shingo

Asubuhi ile, ndugu zangu, nyumba ilikuwa na raha yake. Sebuleni cherehani ilikuwa inalia, mama mkwe, fundi wa sare za shule, akikanyaga pedali bila kuchoka. Jikoni mkamwana wake, muuza viazi vya kukaanga, alikuwa anamenya huku akimtania.

"Mama, punguza mwendo, utatoboa sakafu!"

"Na wewe funika mafuta yako. Nzi wameshaoga humo!"

Mafuta yenyewe yalikuwa sakafuni, nyuma ya mlango, hatua moja tu kutoka kwenye moto. Mkamwana alikuwa amelikata shingo dumu la lita ishirini, eti achote upesi kwa upawa. Kila akichota, matone yalidondoka njia nzima hadi kwenye karai. Kufuta? Akipata nafasi. Na nafasi, mnajua wenyewe, haipatikani.

"Mwanangu, tafuta ndoo yenye mfuniko, uyaweke mafuta haya kabatini," mama mkwe alimwambia mara tatu wiki ile.

"Kesho, mama."

Saa nne mama mkwe aliingia jikoni kunywa maji. Aliteleza kwenye yale matone, akashika dumu, likapinduka naye. Mkamwana alipogeuka alimkuta chini, gauni limelowa mafuta, mguu umegeukia upande usio wake. Masikini mama wa watu! Alijaribu kumwinua, naye akateleza, akabaki amepiga magoti kwenye mafuta yake mwenyewe, analia.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Daktari alisema wazi kwamba pedali hataikanyaga tena.

"Niliteleza kwenye maji," mama mkwe aliwaambia wote waliokuja kumpa pole, hata mwanawe wa kumzaa. "Niliyamwaga mwenyewe."

Mkamwana alisimama pale na kikombe cha chai mkononi. Afadhali angetukanwa.

Leo cherehani imefunikwa shuka. Mafuta yamo kabatini, kwenye ndoo. Kila jioni sauti hutoka kitandani:

"Umefunika, mwanangu?"

"Nimefunika, mama."

Kisha mkamwana huenda kukaza mfuniko uliokwisha kukazwa.

FUNZO

Mafuta ya kupikia yakae kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na moto, jua na njia ya kupita watu. Tone likidondoka, lifute papo hapo. Nenda sasa hivi ukaangalie nyuma ya mlango wa jiko lako. Usiniambie kesho.