Ufa wa Bunduki ya Mihambo

Zama za misafara ya pembe, kabla bendera yoyote ya kigeni haijasimikwa bara, ngome ya Ukalwa ilikuwa na fundi mmoja tu wa bunduki. Huyo ni Mwinchande, mtu wa Mrima, huko pwani, vidole vyeusi kwa masizi, mdomo haumkauki kujisifu. Asubuhi hiyo ulimkauka. Mtemi Shigela alikuwa amemwita barazani, na baraza zima lilikuwa limesimama.

Katikati yao Ngasa, mjumbe wa nchi jirani ya Ubondo, alikuwa amepigishwa magoti, mikono imefungwa kwa kamba ya ngozi. Mbele yake ililazwa bunduki, gumegume la kale linalong'aa: kitako kipya cha mninga, kasiba, ule mtutu wake, imesuguliwa kwa mchanga mpaka ikatakata.

"Ni zawadi ya amani," Ngasa alisema kwa mara ya tatu. "Tuliiokota mpakani, kando ya maiti ya kijana aliyekatika mkono. Hatukumjua. Tukamzika kwa heshima, bunduki tukampa fundi wetu."

"Mwongo mkubwa!" akafoka Kasonta, jemadari wa rugaruga, askari wa mtemi. "Hii ni ya Mihambo, mwana wa mtemi! Mmemuua, mmeipaka mafuta, sasa mnakuja kutucheka usoni!"

Nje, wapiganaji mia tatu walikuwa wakifunga njuga za vita miguuni, na kila njuga ilimchoma Mwinchande masikioni. Mtemi hakupandisha sauti.

"Fundi, bunduki za mwanangu ulizitengeneza wewe. Niambie hii imetoka wapi. Ikiwa ni yake, huyu anachinjwa, na leo tunakwenda Ubondo."

"Nimesikia, mtemi."

Mwinchande akachutama. Akatoa mdeki, ule ufito wa kushindilia baruti, akagonga pini, akaitenga kasiba na mti wake. Akaigeuza. Lo! Pale baruti inapokaa palikuwa na kipande cha shaba, na shaba ile aliitia yeye.

Mwaka uliopita Mihambo alimletea bunduki hiyo ina ufa mwembamba. Kasiba ilitaka kufuliwa upya, siku nne za moto. Lakini kijana alikuwa anakwenda kuwinda kesho yake, akapiga kelele, akatisha. Mwinchande akauziba kwa shaba, akasugua, akasema, "Tayari, bwana mdogo." Mihambo hakurudi.

Sasa kingo za ufa zilikuwa zimefumukia nje. Bunduki ilimpasukia Mihambo mwenyewe mkononi. Juu ya ufa, fundi wa Ubondo alikuwa amevisha pete tatu za chuma, zikashika barabara.

Angeweza kusema "ni yake" kisha akanyamaza. Nani angejua? Ubondo ungeungua, naye angebaki fundi wa mtemi. Wazo hilo alilipenda, tena sana. Akainua macho, akamwona Ngasa, midomo ikitaja majina ya wanawe.

"Ni ya Mihambo," akasema.

Kasonta akachomoa sime.

"Ngoja, sijamaliza! Hakuuawa na mtu wa Ubondo. Aliyemuua ni mimi."

Akaeleza yote, akionyesha ufa kwa kidole. Mtemi akainuka.

"Ulijua haijawa sawa?"

"Nilijua, mtemi. Aliniharakisha, nami nikaogopa."

"Siku zote alikuwa na haraka," mtemi akasema, machozi yakimtoka mbele za watu. Kisha akageuka. "Kasonta, mfungue mjumbe. Iunge tena bunduki, uishindilie baruti vipimo viwili. Fundi ataifyatua mwenyewe, shavu kwenye kitako, kama mwanangu."

Walimsimamisha uwanjani. Jasho likamwingia machoni, akafyatua.

Mshindo ukamtupa chini. Moshi ulipotawanyika, Mwinchande akajipapasa: macho mawili, mikono miwili. Pete za Ubondo zilikuwa zimeshika.

Njuga zikaanza kufunguliwa. Mtemi akampa mgongo, akaamuru jua lisitue fundi akiwa Ukalwa.

Langoni Mwinchande alimkuta Ngasa akifunga mzigo.

"Huyo fundi wenu," akauliza, "alikaa na kazi hii muda gani?"

"Mwezi mzima na siku kadhaa. Tulimtukana sana kwa kuchelewa."

Mwinchande akatupia begani mfuko wake wa vyombo.

"Nipeleke kwake, ndugu yangu. Akinikubali, nitamvukutia moto."