Meno ya Mkalimani

Mkalimani alikutwa amekufa chini ya ngazi za nyuma za jengo la kliniki ya meno, saa moja na nusu asubuhi, na kinywani hakuwa na jino hata moja.

Mfanya usafi ndiye aliyemkuta. Alidhani ni mlevi, akamgusa kwa mpini wa ufagio. Kisha akaacha ndoo palepale na kwenda kupiga simu.

Inspekta alifika saa mbili. Alichuchumaa, magoti yakalia. Marehemu alikuwa mzee wa miaka sabini na moja, mkalimani wa mahakama aliyestaafu, na jina hilo la kazi ndilo watu wote walilomwita. Amevaa koti na tai. Viatu vimepigwa rangi, ila visigino vimechubuka. Kisogoni ana jeraha. Mfukoni mlikuwa na leso safi, kadi ya kliniki yenye tarehe nane, na kisanduku cha plastiki cha kuwekea meno bandia. Kisanduku kilikuwa kitupu.

"Ameteleza, afande," alisema Koplo, mwanamke kijana mwenye haraka ya kumaliza mambo. "Ngazi zenyewe hizi, hata mbuzi angejiuliza mara mbili."

"Meno yake yako wapi?"

"Labda hakuyavaa."

"Mtu afunge tai, apige viatu rangi, aje kliniki ya meno, halafu meno ayaache nyumbani?"

 Koplo alikagua kila kidato, akamulika mfereji, akapekua mapipa ya taka mpaka glavu zikabadilika rangi. Hapakuwa na meno.

Nyumbani kwa marehemu palikuwa chumba na sebule. Sahani moja kwenye karai, kijiko kimoja, sufuria ya uji. Chumbani mlikuwa na vitanda viwili. Kimoja kilikuwa kimelaliwa kwa miaka. Cha pili kilikuwa kipya, shuka zake bado zina mikunjo ya dukani, na juu ya mto kumewekwa taulo ambalo halijawahi kuguswa na maji. Kwenye kalenda ukutani kulikuwa na tarehe tatu zilizozungushiwa duara, kisha zikakatwa.

Jirani alieleza kwamba kitanda kile ni cha binti, mtoto wake wa pekee, aliyeko nje ya nchi kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Alitaka kuja, lakini baba alikuwa akimwahirisha. Tangu ang'olewe meno yaliyobaki, mzee hakutaka kuonekana. Mtu aliyepata riziki yake kwa mdomo miaka thelathini, akigeuza maneno ya washitakiwa na mahakimu, sasa alisalimia kwa kupunga mkono. Simu ya binti aliipokea kwa sauti tu, na hata hapo alifunika mdomo kwa kiganja, kana kwamba binti angeweza kumwona.

Inspekta alikiangalia kile kitanda kipya kwa muda. Yeye mwenyewe aliishi peke yake tangu mkewe afariki, na kwake hapakuwa na kitanda cha pili cha kutandika.

Daktari wa meno alikuwa mama wa makamo, mwenye maneno machache. Aliwapokea glavu zikiwa bado mikononi.

"Alikuwa anatibiwa nini?" aliuliza Inspekta.

"Meno kamili, juu na chini. Mtu akiwa na jino bovu tunaliziba. Likivunjika tunalivisha kofia. Akiwa na pengo tunaunga daraja kwenye meno ya jirani. Yeye hakubakiwa na kitu cha kushikia. Ilibidi yote yatengenezwe."

"Yalimkaa?"

"Hapana. Amerudi mara saba." Alivua glavu moja, kidole kwa kidole. "Sielewi. Kazi ya Fundi wangu huwa hairudi. Miaka kumi na minne nipo naye, meno yaliyorudi hayafiki kumi."

Alieleza utaratibu wao. Yeye huchukua alama za kinywa cha mgonjwa kwa udongo laini. Fundi wa meno, aliyekuwa na karakana yake mwisho wa korido, humimina plasta kwenye alama hizo, akapata sanamu ya kinywa, na juu ya sanamu hiyo akapanga meno. Mgonjwa na Fundi hawaonani kamwe. Lakini kwa Mkalimani, siku ya kwanza ya kuchukua alama, Daktari alikuwa na foleni hadi mlangoni. Akamwambia apite tu nyuma ampelekee Fundi alama hizo, na baadaye awe anapita huko asuguliwe panapouma.

"Jana alikuja?"

"Saa tisa na nusu. Nilimwona akipita. Sikumwona akirudi, lakini huwa anatokea ngazi za nyuma."

"Wewe uliondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja kamili."

Karakana ya Fundi ilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta. Rafu zilijaa sanamu za plasta, vinywa mia na zaidi, vyote wazi, vyote kimya. Kulikuwa na mashine ya kusaga plasta yenye kona ya chuma, jiko dogo la gesi, nta, visu vidogo. Fundi alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mweupe kwa vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliinuka, akamsalimu Inspekta kwa heshima, kisha hakujua mikono yake aiweke wapi.

Alisema mzee alikuja, akasuguliwa kidogo upande wa chini, akaondoka saa kumi.

"Na meno yake mdomoni?"

"Mdomoni."

"Alilalamika?"

"Alisema yanauma kidogo. Nikamwambia arudi wiki ijayo."

Inspekta alitazama chumba. Kulikuwa na kigoda cha kazi mbele ya meza. Na kando ya dirisha, kiti kizuri cha mbao chenye mto mpya wa kukalia. Vikombe viwili vilikuwa vimeoshwa na kufudikizwa.

"Wagonjwa hawaingii humu, nimeambiwa."

"Hawaingii."

"Hicho kiti ni cha nani?"

Fundi alikitazama kiti kama mtu anayekiona kwa mara ya kwanza. Akasema ni cha kupumzikia. Halafu, bila kuulizwa, akasema, "Unatafunia upande wa kulia, Inspekta. Kushoto chini umepoteza gego, na la juu limeanza kushuka kulitafuta. Daraja dogo tu lingekutosha. Ningekutengenezea vizuri."

Ilikuwa kweli. Hakuna mtu aliyewahi kuligundua jambo hilo, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyekula naye. Inspekta alifunga mdomo, akatoka.

Majibu ya uchunguzi wa maiti yalikuja kesho yake. Daktari wa maiti aliyasoma kwa simu, polepole. Ndani ya jeraha la kisogo kulikuwa na chembe za plasta, na ngazi zile ni za saruji tupu. Michubuko ya visigino ni ya mtu aliyeburutwa. Baada ya kugonga kichwa, marehemu aliishi karibu nusu saa. Na kwenye ufizi wa chini kulikuwa na kidonda, cha zamani na kipya kwa pamoja, pahali pamoja tu, padogo kama punje ya mchele.

Inspekta alirudi kliniki na maswali mawili.

"Daktari, meno yakiuma pahali pamoja, mnafanyaje?"

"Tunasugua pale yanapogusa. Kazi ya dakika tano."

"Na yakiendelea kuuma palepale, mara saba?"

 Rangi ya uso wa Daktari ilibadilika. Alikuwa amelipata jibu, na hakulipenda.

"Swali la pili. Meno kama haya huhifadhiwa wapi?"

"Kwenye maji. Yakikauka yanapinda, hayafai tena. Hilo ndilo somo la kwanza. Fundi hawezi kuyaacha makavu hata ukimwamsha usingizini."

Inspekta akamgeukia Koplo. "Jana ulitafuta kwenye mapipa, na ungetafuta kwenye droo na kwenye mifuko. Leo achana na pakavu. Tafuta maji."

Ilimchukua Koplo dakika sita. Kwenye karakana ya Fundi aliangalia birika, ndoo ya plasta, beseni la kunawia. Kisha, nyuma ya magunia ya plasta, akatoa kibakuli cha plastiki cha chakula chenye mfuniko. Ndani yake mlikuwa na maji safi, na ndani ya maji safu mbili za meno bandia za juu na mbili za chini. Seti mbili.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni. Hakukimbia. Aliketi kwenye kigoda chake.

Daktari alileta sanamu ya kinywa cha Mkalimani kutoka kabati lake. Akaweka seti ya kwanza. Ilicheza, ikagonga plasta, tik, tik. Aliigeuza chini juu akaonyesha kinundu kidogo kilichoachwa upande wa chini, kimesuguliwa kikang'aa ili kisionekane. Akaweka seti ya pili. Ilikaa kama imeota pale. 

"Hii nzuri uliimaliza lini?" aliuliza Inspekta.

"Wiki ya kwanza," alisema Fundi.

Kituoni alionywa kwamba halazimiki kusema lolote. Alisema yote. Koplo aliandika.

Alieleza kwamba mzee alipopita nyuma siku ile ya kwanza, aliketi juu ya gunia la plasta na koti lake jeusi, bila kujali. Akamuuliza anakula nini mchana. Akamuuliza kwa nini dirisha linatazama ukuta. Ingawa hakuwa na meno, na kila neno lilimtoka limelowa, alimsimulia kesi za zamani mpaka Fundi akacheka kwa sauti, akashtuka kusikia sauti yake mwenyewe mle ndani. Kesho yake alinunua kiti.

"Miaka kumi na minne natengeneza vinywa vya watu," alisema. "Sijawahi kumwona hata mmoja akicheka navyo. Wakipona hawarudi. Ndiyo maana ya kazi nzuri, mtu asirudi."

"Kwa hiyo ukatengeneza mbaya."

"Nikatengeneza mengine. Yenye kaumivu kadogo tu. Nilikuwa napunguza huku, naongeza kule."

"Ulijua anamsubirisha mwanawe?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Aliniambia. Mara ya kwanza nikasema wiki moja tu nimpe yale mazuri. Halafu nikasema nyingine."

"Juzi kilitokea nini?"

Juzi mzee alitaka kijiko cha sukari. Fundi alikuwa anawasha jiko, amempa mgongo. Mzee akavuta droo, siyo ile yenye vijiko, akafunua kibakuli, akayaona meno. Mtu huyajua meno yake hata kama hajawahi kuyavaa. Akayavua aliyokuwa nayo, akayaweka yale mengine kinywani, akasema sentensi nzima. Ilitoka safi, kila herufi mahali pake, sauti ya mtu wa mahakamani.

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Nimemzuia mwanangu mara tatu.'"

Kisha mzee akayatoa, akayaweka mezani taratibu, akageuka kwenda kwa Daktari. Fundi akamshika mkono wa koti. Mzee akajivuta. Koti likamponyoka Fundi mkononi, mzee akaanguka chali, kisogo kikapata kona ya mashine.

"Alikuwa hai," alisema Inspekta.

"Alikuwa anapumua."

"Daktari alikuwa hatua ishirini kutoka hapo."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukumwita?"

"Angeyaona meno."

Koplo aliacha kuandika. Inspekta alimwashiria aendelee.

"Nilimlaza kichwa kwenye ule mto," alisema Fundi. "Nikamshika mkono. Nikasema akizinduka nitamwambia ukweli, nitampa mazuri, aende zake. Hakuzinduka. Daktari alipofunga, nikamshusha ngazi."

"Na meno ukayatia majini."

"Yangepinda."

 Inspekta hakuwa na hasira, na hilo lilimsumbua. "Ungemwambia tu awe anakuja kunywa chai."

"Mtu unamwambiaje?" aliuliza Fundi. Aliuliza kweli, kama anayetaka kufundishwa.

 Inspekta alimwita askari wa zamu ampeleke mahabusu.

Binti alifika siku ya tatu, moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, na sanduku lake. Alisalimu, akaketi, akasikiliza mpaka mwisho. Aliomba baba yake azikwe na yale meno mazuri. Inspekta alimweleza kwamba haiwezekani, meno ni kielelezo, yatahitajika mahakamani. Alikubali kwa kichwa. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Sikuwa nakuja kuangalia meno," alisema.

Alilala nyumbani kwa baba yake, kwenye kile kitanda kipya, usiku mmoja, kisha akazika.

Kesi haijaisha. Hesabu yake ndiyo hii. Mzee mmoja amekufa, na nusu saa nzima palikuwa na nafasi ya kumwokoa. Tarehe tatu zimekatwa kwenye kalenda. Binti hakuuona uso wa baba yake miaka kumi na moja, na alipouona, mdomo ulikuwa umedidimia. Kliniki haina fundi. Kinywa kimoja kilitengenezewa meno vizuri kabisa, na kikayatumia kwa sentensi moja.

Meno hayo ishirini na nane yako kwenye ghala la vielelezo, ndani ya chupa. Koplo hubadilisha maji kila Jumatatu.