Picha Iliyobandikwa kwa Gundi ya Viatu

Nestori alikuwa fundi viatu karibu na stendi ya Mpanda. Wateja walipenda kumtania, na sababu walikuwa nayo. Viatu vyake mwenyewe vilikuwa wazi mbele, kama vinaomba chakula.

"Fundi, na hivyo utavishona lini?"

"Vikipanga foleni kama vya wenzao," alijibu.

Hiyo ilikuwa zamani. Siku hizi walipomtania aliwaangalia tu, halafu akainama kwenye kazi yake.

Mwezi wa tatu mtoto wake, Celestin, alishikwa na homa. Alikuwa na miaka mitatu, na alikuwa wa pekee. Siku ya nne hakuamka. Walimzika Katumba, kwao Nestori, nyuma ya shamba la mihogo.

Tangu hapo Athanasie, mke wa Nestori, hakuongea sana. Alifua, alipika, akamaliza, akakaa kwenye mkeka. Aliangalia ukuta. Kwenye ukuta huo kulikuwa na picha ya Celestin.

Ilikuwa picha ya studio, ya Krismasi. Celestin amesimama wima kama mgambo. Miguuni ana viatu alivyoshonewa na baba yake. Vilikuwa vikubwa. "Miguu itavikuta," Nestori alisema siku ile. Miguu haikuvikuta.

Siku moja Athanasie alisema, "Nirudishe Katumba. Humu ndani bado nasikia viatu vyake."

Nestori alikubali. Wangehama Jumapili. Chumba kilikuwa cha kupanga, na vitu vyao vilikuwa vichache. Tatizo lilikuwa ile picha.

Watu wengine hubandika picha kwa solotepu. Nestori alikuwa fundi, na fundi ana kiburi chake. Alipaka gundi ya viatu nyuma ya picha, akapaka na ukutani. Akasubiri ikauke kidogo, kisha akakandamiza kwa ngumi. Ndivyo soli inavyobandikwa. Alibandika hivyo hivyo kalenda ya parokia na bango la timu yake.

"Hizi hazitoki mpaka nyumba ianguke," alijisifu.

Sasa nyumba ilikuwa imesimama vizuri tu, na picha ilikuwa ni hiyo moja. Studio ilishafungwa. Mwenye studio alihamia Sumbawanga na mitambo yake.

Alhamisi mwenye nyumba, mzee Zefania, alikuja kuangalia chumba. Hakuwa mtu mbaya. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Poleni tena," alisema. "Lakini huu ukuta niliwapa ukiwa safi. Mpangaji mpya anaingia Jumatatu. Jumapili namleta fundi rangi. Mtakachoacha ukutani, yeye atakikwangua kwa chuma."

"Na picha, mzee?"

Mzee Zefania aliangalia chini. "Ndiyo maana nakwambia leo."

Ijumaa Nestori alianza na kalenda. Alichukua kisu cha kukatia ngozi, akakwangua. Kalenda ilitoka vipande vipande. Gundi ilibaki. Rangi ya ukuta ilitoka kidogo, upana wa ukucha. Akaacha.

Ndipo akakumbuka mafuta ya mawese. Kwao Katumba, mama yake alikuwa na imani mbili: Mungu na mawese. Pete imekwama kidoleni, paka mawese. Mlango unalia, paka mawese. Kisigino kimepasuka, mawese. Nestori akamimina mawese kwenye kitambaa, akasugua gundi ya kalenda.

Ni kweli, gundi ililainika kidogo. Lakini ukuta ulikuwa wa rangi ya maziwa, na mawese ni mekundu. Doa likatambaa. Akasugua zaidi, likatambaa zaidi. Mwishowe ukuta ulifanana na sahani iliyoliwa maharage.

Athanasie alikuwa kwenye mkeka. Aliangalia picha, akasema maneno yake ya kwanza siku hiyo.

"Na yeye utampaka mawese?"

Nestori alikunja kitambaa. Alitoka nje.

Jumamosi asubuhi alirudi na chupa. Aliomba petroli kidogo kwa dereva wa bodaboda. Aliwahi kusikia kuwa petroli inatoa kila kitu. Jiko la mkaa lilikuwa mlangoni, maharage yanachemka. Nestori akafungua chupa.

"Shemeji, unahama au unaunguza nyumba?"

Alikuwa Happiness, jirani wa chumba cha pili. Alikuwa na saluni mtaa wa pili, na mdomo wake ulijulikana mitaa yote. Alimnyang'anya chupa, akaifunga, akaipeleka mbali nje. Kisha akarudi.

"Harufu imefika mpaka kitandani kwangu. Petroli haisubiri uiwashe. Mvuke wake unaufuata moto wenyewe, pale kwenye jiko. Ungetoa gundi, ungetoa na mke."

"Nilitaka kutoa picha tu," Nestori alisema polepole.

Happiness aliiangalia ile picha. Utani ukamwisha. Akakaa kwenye mkeka.

"Mama Celestin, usiku umelala?"

Athanasie akatikisa kichwa. Tangu msiba watu wengi waliogopa kumwita kwa jina hilo.

"Mimi nimehama saluni tatu," Happiness akaendelea. "Kila moja nilijaza picha za mitindo ukutani. Najua vita hii. Hebu niambie, shemeji. Mteja analeta kiatu, soli umeibandika vibaya. Unaibanduaje?"

"Naipasha moto. Gundi inalainika, naivuta taratibu."

"Basi ukuta una kosa gani?"

Nestori akauangalia ukuta. Miaka kumi na miwili alikuwa akibandua soli kwa moto.

"Siyo moto wa jiko," Happiness akasema. "Nyie mafundi mna haraka. Subirini."

Alirudi na draya ya kukaushia nywele na waya mrefu wa umeme. Nestori alitaka kuanza na picha. Happiness akamzuia.

"Anza na kitu kisichokuuma."

Wakaanza na bango la timu. Happiness aliweka draya kwenye moto mdogo, mbali kidogo na ukuta. Aliichezesha huku na huku bila kuituliza mahali pamoja, ili isiunguze rangi. Kona ikalegea. Nestori akaivuta, bango likachanika katikati.

"Usivute. Uzi wako wa viatu uko wapi?"

Nestori akaleta uzi wa nailoni. Happiness akaupitisha nyuma ya kona iliyolegea. Akamwonyesha: shika huku, shika kule, kata gundi kama unakata mche wa sabuni. Nusu ya bango iliyobaki ikatoka nzima.

Ikaja zamu ya Celestin.

Athanasie aliinuka kwenye mkeka bila kuambiwa. Akaweka viganja vyake chini ya picha. Happiness alishika draya. Nestori alishika uzi. Walipasha kidogo, wakakata kidogo, wakapumzika ili picha isipate moto sana. Uzi ulipita nyuma ya kichwa. Ukapita nyuma ya kifua. Kwenye viatu gundi ilikuwa nzito, na Nestori akaacha kukata.

"Siwezi."

"Ulivishona mwenyewe," Athanasie alisema. "Malizia."

Akamalizia. Kona moja ilichanika, pale palipokuwa na pazia la studio tu. Picha ikaanguka kwenye viganja vya mama yake. Happiness akazima draya.

Halafu ikaja kazi ya ukuta. Gundi iliyobaki waliipasha, wakaisugua taratibu kwa kipande cha soli ya mpira. Ikajiviringa, ikadondoka. Happiness alichanganya maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo. Kwanza alijaribu kwenye ukuta wa nyuma ya mlango, asije akafuta rangi. Haikutoka. Wakafuta kwa kitambaa laini kilichokamuliwa, wakarudia kwa maji safi, wakakausha.

"Tumebaki na maharage yako," Happiness alisema, akionyesha doa la mawese. "Mafuta hayatoki kwa kusukumwa. Yanatoka kwa kunywewa. Tukoroge poda na maji kidogo, tupake, ikauke mpaka kesho. Mna poda?"

Nestori akaangalia pembeni.

"Nitaleta ya saluni," Happiness akasema haraka.

Athanasie alikuwa ameshafungua begi. Akatoa kopo la poda ya Celestin. Lilikuwa nusu.

"Tumia hii," alisema. "Yeye hana joto tena."

Waliikoroga ikawa nzito kama uji, wakapaka. Chumba kizima kilinukia mtoto.

Jumapili alfajiri walipangusa. Poda ilitoka na rangi ya mawese. Wakapitisha maji ya sabuni tena. Doa likabaki kama kivuli, kisha nalo likaisha.

Mzee Zefania alifika na fundi rangi. Alipitisha kiganja ukutani.

"Hapa nilikwangua rangi kwa kisu, mzee," Nestori alisema. "Hapo tu."

"Hapo tutapaka." Mzee aliangalia ukuta wote. "Picha ilikuwa wapi?"

Nestori alitafuta. Hakupaona. Ukuta ulikuwa safi, kana kwamba hakuna mtoto aliyewahi kuishi humo. Ndicho walichokitaka, na kilimchoma.

Walipofika Katumba, Nestori aliishonea picha fremu ya ngozi, kwa uzi ule ule. Akaitundika kwenye msumari. Hakupaka gundi hata tone. Kila Jumamosi Athanasie huishusha, huifuta vumbi kuanzia viatuni, kisha huirudisha.