Nani Ameilamba Brashi?

Brashi ilikuwa imelowa.

Utasema hilo si jambo la kumshtua mtu. Lakini Fundi Saa aliiacha mezani tangu asubuhi, alipokwenda kibandani kwake kutengeneza saa za watu, na sasa ilikuwa saa kumi jioni. Brashi yenye nywele chache namna ile hukauka kabla chai haijapoa. Akaigusa. Ncha ilikuwa imechongoka vizuri, ina unyevu, na unyevu wenyewe ulikuwa vuguvugu.

"Dada, nani kashika vitu vyangu?"

Dada yake mkubwa, aliyehamia pale kumsaidia kulea tangu mkewe alipofariki, akachungulia kutoka jikoni. "Nani ana haja na midoli yako? Mimi nina masufuria ya kusugua."

"Si midoli."

"Haya, sanamu. Mwanamume mzima na ndevu zako!" Akarudi jikoni akicheka.

Sanamu zenyewe zilikuwa za mchezo wa mezani: wachawi, mashujaa, mazimwi, wote hawazidi urefu wa kidole gumba. Kila Jumamosi Fundi na wenzake watano walikutana chumba cha nyuma cha duka la madaftari, wakarusha dadu na kupigana vita vya kufikirika mpaka njaa iwatawanye. Kucheza alijua. Kupaka rangi, lo! Mikono ile ile iliyoweza kupachika skrubu ndogo kuliko chembe ya sukari, ikishika rangi ni balaa. Alipaka nzito, nyuso zikafunikwa, macho yakatazama kila moja na upande wake. Wenzake wakambandika jina la Mzee Uji, maana mashujaa wake walionekana kama wameopolewa kwenye sufuria la uji. Alicheka nao, lakini ilimuuma.

Kwa hiyo alipoona kisanduku cha sanamu kuukuu kwa muuza mitumba, hakuuliza kilikotoka. Rahisi huvunja upishi, lakini nani huikumbuka methali akishaona bei? Ndani mlikuwa na brashi moja ya mpini mweusi, nywele zake laini, si za mnyama yeyote anayemjua. Na Fundi alikuwa na tabia mbaya ya wapaka sanamu wengi, ya kuchongoa ncha ya brashi kwa ulimi. Dada yake alimkemea mpaka akachoka. Siku ya kwanza alipoilamba ile, ilikuwa na chumvi, kama jasho la mtu.

Jioni ile ya brashi kulowa, akamtazama mchawi aliyempaka jana yake. Alimwacha na makengeza. Sasa macho yalikuwa yamenyooka, doa jeupe na nukta nyeusi katikati, kila kimoja mahali pake. Akasema moyoni, labda nilipaka vizuri nisijue. Binadamu tunajua kujidanganya.

Kesho yake joho la shujaa lilikuwa limesahihishwa. Keshokutwa, ngao. Kila akirudi kutoka kazini anakuta kosa lake la jana limefutwa, na brashi imelowa. Badala ya kuogopa, akaanza kusoma. Akaona rangi imechanganywa na maji mpaka ikawa nyepesi kama maziwa, ikapakwa mara mbili badala ya mara moja nzito. Akaona kivuli kimeachwa kwenye mikunjo na mng'aro umewekwa juu, upande inakotokea taa. Akaiga. Mkono ukanyooka.

"Mzee Uji kaoga!" wenzake walipiga kelele Jumamosi, wakipokezana joka lake. "Nani kakufundisha?"

"Juhudi tu," akasema, kichwa kimemvimba.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Usiku ule aliposafisha meza, alicheka peke yake na kunong'ona: "Asante, mwalimu. Chochote changu utakachokiona kina kasoro, kisahihishe tu."

Ndani ya chumba kile alikuwemo binti yake wa miaka sita, amelala kitandani. Walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukupumzika. Akiamka anasimulia ndoto, akila anasimulia chakula. Shavuni, chini ya jicho la kushoto, alikuwa na baka dogo la kahawia. Marehemu mama yake alikuwa nalo vile vile, pale pale. Kila jioni Fundi alipotoka kazini alimbusu juu ya baka lile kabla hata ya kuvua viatu. Mengine yote ya mkewe yalikuwa yamebaki kwenye picha.

Siku ya tatu baada ya maneno yale, alimbusu mtoto, kisha akamgeuza uso kwenye mwanga. Baka lilikuwa limefifia.

"Dada, umempaka nini huyu?"

"Mafuta yale yale. Kwani vipi?" Dada akasogea, akalisugua kwa kidole gumba.

Siku ya nne kovu lake la zamani la gotini halikuwepo. Siku ya tano baka lilikuwa limekwisha kabisa, shavu ni safi kama halijawahi kuguswa na kitu. Na Chiriku hakuwa akisema. Alikaa kwenye kiti karibu na ile meza, mikono mapajani, mgongo wima, hatikisiki.

Fundi akapiga magoti mbele yake. "Mama, unaumwa?"

Mtoto akajibu bila kuchezesha midomo sana. "Nikitikisika anakasirika."

"Nani?"

"Anayenipaka. Anakuja mchana, shangazi akianua nguo. Anailamba kwanza, baba. Kama wewe."

Usiku ule Fundi hakufumba jicho. Alimlaza mtoto kifuani pake mpaka kukakucha. Dada akataka waondoke alfajiri hiyo hiyo. Fundi akakataa. "Nikihama bila kumjua, si atatufuata? Wewe anua nguo kama kawaida."

Saa nane mchana alikuwa amejibanza nyuma ya pazia, jua limejaa chumbani, dada yupo uani na kapu lake, mtoto amekaa kitini. Ikaja kwanza harufu, ya kinywa kilichofungwa siku nyingi. Kisha nzi aliyekuwa akizunguka dirishani akanyamaza. Kisha brashi ikainuka mezani yenyewe, taratibu, kama imeshikwa na mtu asiye na haraka, ikapanda mpaka usawa wa uso wa mtu mzima, na pale nywele zake zikapotea, zikamezwa na mahali ambapo hapakuwa na kitu, na Fundi akasikia, kwa masikio yake mawili, sauti ya ulimi ukigeuka juu ya brashi, sauti aliyoijua vizuri kwa sababu ilikuwa yake mwenyewe ya kila jioni, kisha brashi ikaonekana tena, ncha imechongoka inametameta, ikachovya rangi nyeupe, ikamwendea mtoto, na mtoto akafumbua macho wazi kabisa bila kupepesa, akingoja, na ncha ikashuka kuelekea jicho la kushoto.

"Niache! Mwanangu!"

Hakujua alifikaje. Alimnyakua mtoto, kiti kikaanguka, wakatokea uani, dada naye akapiga ukelele bila kujua analilia nini.

Jioni ile wakamleta mganga, bibi mfupi mwenye mkoba na malapa, asiyependa maneno mengi. Aliinusa brashi, akatema mate pembeni.

"Uliilamba?"

"Ndiyo, bibi."

"Naye akailamba. Mmekula sahani moja, mwanangu. Sasa niambie, ulimpa ruhusa ya nini?"

Fundi akamweleza. Bibi akatikisa kichwa. "Ulimruhusu kwa mdomo, utamkataza kwa mdomo. Sema."

"Mwanangu hana kasoro," Fundi akasema huku akilia. "Hakuwa nayo. Baka lile halikuwa kosa. Nakukataza. Toka."

Brashi ikachomwa uani. Ilinuka nywele za mtu. Sanamu zote zikatumbukizwa kwenye ndoo ya dawa ya kuondoa rangi, mpaka zikabaki vipande vya kijivu. Bibi akafunga mkoba wake. "Baka likirudi lenyewe, mjue amekwenda. Lisiporudi, niiteni."

Wakangoja. Siku moja, mbili. Siku ya tatu Chiriku akaomba maji. Ya nne akasimulia ndoto nusu. Fundi akiwa kibandani aliwatengenezea watu saa huku akitazama saa yake mwenyewe, na Jumamosi hakwenda kwa wenzake. Akawatumia ujumbe kuwa Mzee Uji amestaafu.

Siku ya sita alipokaribia nyumbani alisikia vigelegele vya dada tangu barabarani. Chiriku alitoka mbio, anaongea maneno kumi kwa pumzi moja. "Baba, baba, limerudi, shangazi kasema limerudi, nilikuwa nimelala mchana, nimeamka nikaliona kwenye kioo!"

Lilikuwepo. Chini ya jicho la kushoto, dogo, la kahawia, pale pale pa mama yake. Fundi alimwinua juu, machozi yanamtoka bila aibu. "Alhamdulillahi," akasema, "alhamdulillahi," na akambusu juu ya baka, kwa nguvu, kama mtu aliyekuwa safarini mwaka mzima.

Dada alikuwa bado anapiga vigelegele. Fundi alimshusha mtoto polepole. Akamgeuza uso kwenye mwanga na kulitazama baka vizuri: kivuli kidogo ukingo wa chini, mng'aro mwembamba ukingo wa juu, rangi nyepesi iliyopakwa mara mbili.

Midomo ya Fundi ilikuwa vuguvugu, imelowa. Akajilamba kabla hajafikiri, na ilikuwa na chumvi.